Kontrola ya Vidole Vinane

Jumatano, 15 Mei

Scola mdogo wangu, Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Tabora, na magoti yanaendeleaje? Ulisema wakati wa Pasaka kwamba ngazi za kanisa zinakutesa. Umepata dawa ya kuchua au bado unasali tu? Sisi huku Katubuka hatujambo, ila vumbi. Nimeamua nikuandikie kidogo kidogo kwenye daftari hili, maana kwenye simu nikianza kuongea nawe vocha inakatika kabla sijafika kwenye neno lenyewe. Baadaye nitalipa mtu wa treni akuletee.

Leo ziwa limefungwa. Miezi mitatu hakuna kuvua, mpaka tarehe kumi na tano Agosti, samaki wapate kuzaana. Chanja zangu za kuanikia dagaa kule ufukoni Katonga nimezikunja, nauza mawese Mwanga sokoni. Hatutakufa njaa.

Ninachokuandikia hasa ni shemeji yako Leodgar. Tangu ile kamba ya wavu imviringe mkono mwaka jana, ikamkata ncha ya dole gumba na kidole cha shahada kikabaki kigumu kama kijiti, hajashuka Katonga hata siku moja. Miaka ishirini na mbili amekuwa nahodha wa chombo cha dagaa, sasa mwenzake Yona ndiye ameshika nafasi. Kanisani mkono wa kulia unakaa mfukoni, hata wakati wa kutakiana amani. Mimi ananipa wa kushoto.

Ombi langu msimu huu ni moja. Kabla ziwa halijafunguliwa, mume wangu awe amerudi kukaa na wenzake. Nisaidie kusali.

Ijumaa, 17 Mei

Hakutoka.

Jumatano, 22 Mei

Yona alikuja na papai. Amemkuta shemeji yako amekaa nyuma ya nyumba, anatazama kuku.

"Mwakeye, nahodha," akamsalimia kwa Kiha.

"Nahodha ni wewe."

"Mimi nashika usukani tu. Nahodha yupo hapa analinda kuku."

Nikadhani watagombana, lakini Leodgar akavuta kigoda akampa. Yona akaeleza kwamba wenzao wote wanashinda Katonga wakishona nyavu, na jua likiwa kali wanaacha sindano wanacheza mpira wa kwenye simu, simu kwa simu. Wameanzisha hata ligi. "Njoo ucheze nasi. Selestini anatufunga wote, na mdomo wake umekuwa mkubwa kuliko ziwa."

"Kioo hakinisikii," shemeji yako akasema.

Yona alipoondoka nikamwuliza maana yake. Akatoa simu aliyotumiwa na Rozalia wetu kutoka Dodoma, akafungua huo mpira, akaweka dole gumba lake lililokatika juu ya kioo. Mchezaji amesimama tu kama mlinzi wa geti. Akabonyeza tena. Ngozi ya pale imekuwa ngumu, imekufa, na kioo kinataka ngozi yenye uhai.

"Kwa mkono wa kushoto nakimbia," akaniambia. "Kupiga mpira ndiyo siwezi. Nakimbia nao mpaka unatoka nje."

Akaifunika simu kifudifudi. Scola, kumbe alikuwa amejaribu. Mimi nilidhani hataki.

Jumamosi, 1 Juni

Mbele ya ninapouzia mawese kuna duka la simu la Ashraf, mtu wa Ujiji, makamo ya arobaini hivi. Siku zote nimemwona ni mtu wa maringo, shati limenyooka, salamu fupi. Leo wateja walikuwa wachache, nikamwona anacheza. Simu yake ameibana kwenye kidude chenye mikono miwili, na anabonyeza vitufe, kioo hakigusi kabisa.

Nikaacha madumu nikaenda.

"Shikamoo, Mama Rozalia. Leo umevuka barabara?"

"Marahaba. Hicho ni kitu gani?"

"Kontrola. Usiniambie unataka kucheza mpira."

"Mimi nataka kujua kama kinahitaji ngozi."

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Nikamweleza habari ya mume wangu. Hakucheka. Akasema kitufe hakijali kinabonyezwa na nini, hata ukibonyeza kwa kijiko kinakubali. Akanifafanulia kama mwalimu. Viko vya bei ya chini vinavyobana pembe za simu, lakini hivyo vinakusaidia kugonga kioo tu. Iko inayoivuta simu katikati, mkono mmoja huku, mwingine kule, simu inachomekwa kwenye tundu la chaji. Hiyo iko ndogo na kubwa, na haina betri ya kukumbuka kuchaji. Na iko kama ile ya kwake, mikono imeungana chini, simu inakaa juu kwenye kibanio, inaongea na simu bila waya.

Nikaona hiyo ya katikati ndiyo yenyewe. Umeme wetu unaujua.

"Nipe urefu wa simu nikuagizie Dar," akasema.

Jumapili, 2 Juni

Sikukuu ya Ekaristi. Tumeandamana na Sakramenti mpaka barabara kuu, vumbi limetufanya wote tuwe rangi moja. Njiani nilijiuliza kama ni halali kumwomba Mungu kidude cha kuchezea. Halafu nikaona siombi kidude, naomba mume.

Jumanne, 4 Juni

Nilitaka iwe siri, kwa hiyo simu sikuweza kuichukua. Alipolala baada ya chakula cha mchana nikaipima palepale mkekani kwa vidole, kama tunavyopima macho ya wavu. Nikalaza vinne, nikalaza vinne. Vidole vinane kamili. Jioni nikampelekea Ashraf jibu. Akalaza vidole vyake kwenye kaunta mara mbili, akakitazama kile kipande cha kaunta, akaandika. Hakuniuliza kitu, nikafurahi kuwa tunaelewana.

Alhamisi, 6 Juni

Upepo wa kusi. Mawese hayauziki watu wakisikia baridi. Hakutoka.

Jumamosi, 15 Juni

Leo nimetenda dhambi.

Kontrola imefika. Nimeifunga kwenye kanga, nimekwenda nyumbani mbio, nikaiweka mapajani mwa mume wangu. Akaigeuza. Akabonyeza kitufe kwa kile kifundo cha dole gumba, kikalia tik. Scola, uso wake. Akabonyeza tena, akanitazama. Akavuta mikono ya kile kidude aingize simu, ikakataa. Tukatoa kava, ikakataa. Springi imefika mwisho na simu bado imetokeza nje kama mguu wa mtu kwenye kitanda cha mtoto.

"Si kitu," akasema. Akanirudishia. Akarudi kwa kuku wake.

Hilo "si kitu" ndilo lililonipandisha. Nikashuka Mwanga nikiongea peke yangu. Dukani kulikuwa na wateja watano au sita. Nikaiweka kontrola juu ya kaunta nikamwambia Ashraf kwamba ameniuzia kitu cha watoto kwa kuwa ameona mimi ni mama wa dagaa, sijui lolote, na kwamba watu wa maringo ndivyo walivyo, shati safi na moyo haufuliwi.

Yeye akasema, "Mama, ulisema vidole vinane."

"Vinane ndiyo. Nimepima mwenyewe."

"Na hii inafika vinane. Nimepima mwenyewe."

"Basi kuna mwongo kati yetu," nikasema, nikaiacha kontrola pale nikatoka. Mama mmoja akasema pole. Nikaipokea ile pole kama mtu aliyedhulumiwa kweli.

Jumapili, 16 Juni

Kwenye Baba Yetu nilipofika pa kuwasamehe waliotukosea, nikayaruka maneno. Sikupanga mstari wa Komunyo. Shemeji yako ameliona, hakuuliza.

Jumatatu, 17 Juni

Leo Idi ya kuchinja. Duka limefungwa. Nikakumbuka kuwa nimemwaibisha mtu siku mbili kabla ya sikukuu yake.

Jumanne, 18 Juni

Asubuhi Leodgar ameniuliza, "Hivi uliipimaje?"

Nikalaza vidole juu ya simu nikamwonyesha. Vinne, vinne. Akatazama mkono wangu, wa mtu aliyegeuza dagaa juani miaka yote hii, vidole kama mihogo. Akatoa wake mfukoni, ule wa kulia, akaulaza juu ya simu hiyohiyo.

"Kwangu ni saba," akasema. "Na unene wa ubua mmoja wa mtama."

Nilikuwa nimeshaelewa.

"Huyo Ashraf vidole vyake vikoje?"

"Sijaviangalia."

Akaanza kucheka. Kwanza kimyakimya, mabega tu, halafu akacheka mpaka akakohoa, akashika ukuta. Tangu ajali sijausikia ule mcheko. Mimi nalia, yeye anacheka, jirani amechungulia juu ya ua kuona kuna nini.

"Umekwenda kumtukana mtu kwa vidole vyako mwenyewe," akasema. "Kesho twende tukavione vya kwake."

Tukavione, Scola. Wingi.

Jumatano, 19 Juni

Nakuandikia yote, usiruke.

Tumetoka saa tatu. Geti lenyewe lilikuwa zito kufunguka, ametembea upande wa ukuta mpaka tumepita kwa fundi baiskeli. Watu wamemsalimia, amewajibu, mkono mfukoni. Pale kwenye mteremko kabla ya soko amesimama. Nikadhani anageuka. Akasema kiatu, akainama akafunga kamba iliyokuwa imefungwa vizuri tu. Nikasali salamu moja ya Maria nikiangalia pembeni. Akainuka.

Ashraf ametuona tunaingia akasimama wima, kama mtu anayengoja kupigwa.

"Ashraf mwanangu," nikaanza, "mimi Jumamosi—"

"Ngoja," Leodgar akanikatiza. "Kwanza vipimo. Weka mkono hapa."

Ashraf akalaza mkono kwenye kaunta. Vidole vyembamba, kama vya mshona kofia. Nikalaza wangu kando. Vyake vinne havifiki vyangu vitatu na nusu. Wateja wamesogea.

"Sasa nieleze," Leodgar akamwambia, "wewe mtu wa duka, una rula pale ukutani. Kwa nini usimwulize sentimita?"

Ashraf akakuna shingo. "Marehemu baba aliuza nyavu Ujiji, mzee. Kwetu mtu akisema vidole, tunaandika vidole. Haikunijia kuuliza ni vya nani."

"Na mama huyu naye ni hivyohivyo. Mmelelewa na nyavu wote wawili, ndiyo maana mmepotea. Wavu haupimwi kwa vidole vya muuzaji, wala vya mke. Vidole ni vya nahodha."

Akatoa mkono wake wa kulia mfukoni, Scola, akaulaza kwenye kaunta kati ya mikono yetu miwili. Mbele ya watu wote wale. Dole gumba lisilo na ncha, kidole cha shahada kimenyooka peke yake, kovu lile lote hadi kwenye kifundo. Mwaka mzima haujaonekana nje ya nyumba yetu, na sidhani kama alipanga. Ni mkono ambao siku zote amepimia nyavu, basi ukatoka.

Ashraf akauangalia vizuri, hakugeuza macho, kisha akalaza simu ya shemeji yako juu ya vile vidole. "Saba na ubua," akasema. "Nimeandika."

Hapo ndipo nikapata nafasi. Nikamwambia mbele ya watu, maana nilimtukana mbele ya watu, kwamba mwongo hakuwepo, na aliyekosa ni mimi, na maneno ya shati na moyo nayafuta. Akajibu, "Mama, juzi nyama ya Idi haikunipita kooni. Leo nitakula kiporo." Watu wakacheka na mimi nikacheka nikijifuta.

Halafu wakaanza kuchagua, na mimi nikageuka mtu wa pembeni. Ashraf akaleta ile ya kuvuta, iliyo kubwa. Simu ikaingia vizuri. Leodgar akaishika, akatikisa kichwa. Vitufe vimezama na vimebanana, kifundo chake kinabonyeza viwili kwa mpigo. "Nikipiga pasi, napiga na penalti." Akajaribu vile vya kubana pembeni, akaviweka chini bila neno. Kisha akanyoosha mkono kwenye ile ya Ashraf mwenyewe, yenye kibanio juu. Vitufe vyake vimevimba kama punje za mahindi, kila kimoja na nafasi yake. Tik, tik, tik. Akakaa kwenye kreti la soda akaegemeza mikono kwenye magoti.

"Hiyo nzito juu, mzee," Ashraf akasema. "Inataka kulala mbele. Na usiposahau kula usisahau kuichaji."

"Chombo kilichopakiwa juu nimekiendesha. Unakaa nacho chini, kinatulia."

Ashraf hakuwa na nyingine kama hiyo. Akafikiri, akatoa simu yake kwenye kibanio, akachukua ile ndogo iliyoleta ugomvi, akaichomeka. Simu yake fupi, ikakaa kama imezaliwa humo. "Mimi nabaki na hii," akasema. "Ya vidole vyangu vinane."

Wakati wa kurudi kwa njia ileile Leodgar hakutembea karibu na ukuta.

Ijumaa, 21 Juni

Amefungwa magoli tisa na simu yenyewe, hata hajakutana na mtu.

Jumapili, 30 Juni

Nilivyoomba kelele irudi nyumbani sikujua itarudi saa ya rozari. Nasema "Salamu Maria", chumbani kunajibu "Toa mpira, toa mpira wewe!" Nikamwambia achague fumbo la kusali au fumbo la kufunga magoli. Amekuja, amesali makumi mawili, dole gumba linabonyeza shanga kama vitufe.

Kwenye kutakiana amani leo amempa mkono mzee wa benchi la mbele. Wa kulia. Mzee hakuona ajabu yoyote, ni mimi tu niliyeona.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Ametaka kushuka Katonga. Nimemfuata kwa mbali na bakuli la mihogo, kama mama anayempeleka mtoto darasa la kwanza, aliponiona akasema basi tembea nami, usinifuatefuate.

Wako chini ya turubai, nyavu zimetandazwa kote. Moshi wa kuchoma nyasi umejaa, ng'ambo ya Kongo haionekani kabisa. Yona alipoona ile kontrola akasema, "Nahodha, umekuja na usukani wako?"

"Wewe si unao wangu."

Kisha Yona akacheka, na Leodgar akacheka, na nadhani kilichokuwa kati yao tangu mwaka jana kimepita hapohapo. Yona nilikuwa namwona kama aliyekalia kiti cha mwenzake. Leo nimeona alivyopangusa mchanga kwenye gogo kabla shemeji yako hajakaa.

Selestini amemfunga matano kwa sifuri, akalitangaza kila goli kama mtangazaji wa redio. La tano akasema, "Mkono wa huyu hauna kosa, ni kichwa." Nikaacha kugawa mihogo. Leodgar akajibu, "Kichwa nitakileta wiki ijayo." Wakagonganisha mikono.

Jumatatu, 8 Julai

Amekwenda.

Jumanne, 9 Julai

Amekwenda. Nimefua.

Jumamosi, 20 Julai

Amemfunga Selestini goli moja, matokeo manne kwa moja, na ametusimulia lile moja mara nne. Rozalia alipiga kutoka Dodoma, naye akasimuliwa. Ashraf alikuwepo, siku hizi akifunga duka Jumamosi anateremka na kontrola yake ndogo. Amenunua mawese kwangu, akapima dumu kwa vidole huku ananitazama. Nimemwambia aondoke na ujinga wake.

Jumamosi, 3 Agosti

Kuna jambo geni. Leo nilipopeleka chakula, kontrola ilikuwa juu ya ndoo, imepata vumbi. Shemeji yako amepiga magoti kwenye wavu. Yona na wenzake walikuwa wamenunua kipande kipya cha kuunga, na macho yake hayalingani na ya zamani. Wanabishana. Leodgar amelaza ule mkono juu ya macho ya wavu, akasogeza, akalaza tena. "Hiki kitararuka ndani ya wiki. Kirudisheni." Hakuna aliyebisha. Yona akakikunja.

Mwenye chombo alikuwepo. Akamwuliza kama anaweza kubaki ufukoni ziwa likifunguliwa, azisimamie nyavu zikipakiwa jioni, azikague zikirudi alfajiri na kuelekeza washonaji. Kuvuta kamba hawezi tena na wote wanajua. Akasema atazungumza na mke wake.

Nyumbani akazungumza na mke wake. Mke wake alikubali kabla sentensi haijaisha.

Alhamisi, 15 Agosti

Kupalizwa Bikira Maria, na ndiyo siku ziwa limefunguliwa. Misa ya asubuhi kanisa limejaa wavuvi, wengine wamekuja na makoti ya kazini kabisa. Nimepokea Komunyo. Nimemshukuru Mama yetu hadi nikakosa maneno, nikarudia yaleyale.

Alasiri Leodgar amekunywa nusu kikombe cha chai amesimama, amevaa fulana ya zamani, akatoka mbio kwa sababu Yona amepiga filimbi barabarani. Hakuniaga vizuri. Kontrola ameisahau mezani, na simu pia. Nimefika getini kumwita, nikamwona ameshafika kwa fundi baiskeli, anaongea kwa mikono yote miwili. Nikamwacha.

Nimerudi ndani. Scola, nyumba haina sauti hata moja. Mwaka mzima nilikuwa najua yuko wapi kila saa, nikitaka chumvi namwambia nipe chumvi, nikikohoa ananiuliza maji. Nimemwomba Mungu amtoe, amemtoa, na sasa nimekaa na nusu kikombe cha chai ya mtu sijui niinywe au niimwage. Nimelia kidogo, lakini ni kile kilio kisicho na uchungu ndani. Kisha nikainywa. Ilikuwa na sukari nyingi mno, ndivyo anavyopenda.

Kesho nakwenda kukunjua chanja. Daftari hili nalikabidhi kwa mtu wa treni ya wiki hii. Mdogo wangu, usikae nalo ukisoma tu. Nijibu mapema, hata kama ni ukurasa mmoja, uniambie magoti yako, maana kuanzia sasa jioni ninakuwa peke yangu na nina nafasi ya kusoma.

Dada yako,
Mama Rozalia